Shingo ya Baba Mkwe

Nimezaliwa Lupepo, nikaolewa Ikuti, na miaka yote ya ndoa yangu nimeishi bila kumtazama baba mkwe wangu usoni. Msinielewe vibaya. Hatukuwahi kugombana, na mzee si mtu mbaya. Ndiyo heshima yetu sisi Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na hawaongei ana kwa ana. Vijana wengi siku hizi wameitupilia mbali habari hiyo, utawaona wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana kabisa. Lakini mimi nililelewa na mama ambaye hata uzeeni, akisikia sauti ya mkwewe, alikuwa anaingia kwenye migomba mbio, na mimi nikazishika mbio zake.

Kijijini mambo haya ni rahisi, nafasi ipo. Shida ilianza mzee alipohamia kwetu Tukuyu mjini, kata ya Bagamoyo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo ukipiga chafya jikoni wa sebuleni anakuambia pole. Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, anaingia kwa zamu, na mimi nauza maziwa mtindi dirishani kwangu. Kwa hiyo mchana mara nyingi tulibaki wawili nyumbani, mimi na mtu ambaye sitakiwi kumwona.

Tulijitahidi. Nilikuwa na kuku mmoja mweupe aliyezoea kutagia chini ya kiti cha sebuleni, basi yule kuku ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Nikiwa ukumbini nasema, "Kuku, uji uko tayari." Mzee anajibu kutoka ndani, "Kuku, uji wa jana ulikuwa mzito." Namwambia kuku kwamba mwenye kutaka uji mwepesi aseme mapema, na kuku anaambiwa kwamba siku hizi wapishi wana majibu. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni mpaka machozi yanatoka.

Mzee alihamia kwetu kwa sababu ya uvimbe. Ulianza kama punje chini ya taya, upande wa kushoto, akausingizia jino. Ulipofikia ukubwa wa yai mume wangu alimpeleka hospitali kwa nguvu, wakakata kipande wakapima, tukaambiwa ni saratani. Nililia sana siku ile. Mama mkwe tulishamzika, na mimi sikuwa tayari kumzika mzee ambaye hata hatujajuana. Daktari akasema ugonjwa umewahiwa, atachomwa mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Kutoka Ikuti kila siku, na mvua zetu hizi na barabara ile, isingewezekana. Kutoka Tukuyu iliwezekana.

Usafiri tulipewa na jirani yetu, Mwislamu mmoja mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki, ambaye karibu kila siku huenda jijini, iliko hospitali ya mionzi, kufuata mzigo. Alisema gari lake halijali limebeba nani, na akatukatalia hata ya mafuta. Mzee akawa anakaa mbele kushoto kwa dereva. Mimi naingia kwa mlango wa nyuma yake na kwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, katikati ya maboksi, uso dirishani. Jirani alikuwa anatutazama kwenye kioo chake anatikisa kichwa, lakini hakusema neno, maana kila nyumba ina mambo yake.

Siku ya kwanza hospitalini niliachwa nje ya chumba cha daktari, mlango ukiwa wazi nusu. Ndani walikuwa mzee na mume wangu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, na alieleza kama mtu anayetaka aeleweke. Alisema mionzi itaufuata ugonjwa ndani, lakini lazima ipite kwenye ngozi, na ngozi haina kosa lolote. Ikipita inaacha vitu vikali vinavyoiunguza ngozi kutoka ndani, leo kidogo, kesho kidogo. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye inakuwa nyeusi zaidi, inakauka, inababuka, na kwa wengine inafunguka.

"Ikifunguka kuwa kidonda kikubwa nitalazimika kusimamisha mionzi," alisema. "Na nikisimamisha, ugonjwa unapata nafasi ya kujipanga upya. Kwa hiyo mashine ni kazi yangu. Ngozi ni kazi yenu."

Maneno hayo yaliniingia. Nikiwa pale nje kwenye benchi nilijiapia kwamba ngozi ya mzee yule itafika mwisho ikiwa nzima, hata kama sitaiona.

Akawapa jeli kwenye kopo dogo. Alisema ndani yake kuna dawa ya kutuliza vile vitu vikali, na dawa hiyo imefungwa kwenye vifuko vya mafuta vidogo mno, vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haivioni. Wenyewe wanaita dawa za nano. Nilishindwa kujizuia, nikauliza kwa sauti kutoka nje kwamba udogo wote huo wa nini.  Kisha nikasikia daktari anauliza, huyo mama anayeuliza kutoka nje ni nani? Mume wangu akasema ni mke wangu, lakini haingii. Daktari naona aliamua kwamba hilo si la kwake, akanijibu mimi kupitia ule mlango. Alisema matone makubwa ya mafuta yanabaki juu ya ngozi, lakini yale madogo yanapenya katikati na kuifikisha dawa kule inakotakiwa.

Hapo nikamwelewa vizuri sana, maana mimi ni mtu wa maziwa. Maziwa mabichi yana mafuta tele lakini huyaoni, yametawanyika vitone vitone. Ukiyapaka mkononi yanapotea. Ukisukasuka yale mafuta yakashikana, unapata siagi, na siagi ukiipaka inabaki juu inang'aa. Basi jeli ile ilikuwa imezuiwa isiwe siagi. Daktari alicheka nilipomwambia, akasema si hivyo hasa, ila si mbali.

Alikuwa mkweli pia. Alisema dawa za aina hii bado ni changa, kuna ngozi zinasaidika sana na nyingine kidogo, na mtu asidhani amevaa ukuta. Alitoa masharti: ipakwe nyembamba baada ya mashine na tena jioni, isipakwe muda mfupi kabla ya mashine, na shingo iachwe wazi. Kusiwe na skafu, wala kola, wala taulo la kukwaruza. Chochote kinachosugua, alisema, kinaondoa dawa na kuchuna ngozi kwa pamoja.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila aibu. Asubuhi ukungu umelala mpaka kwenye bati, jirani anapiga honi moja tu, tunakwenda, tunarudi kabla ya jua kukolea. Jioni mume wangu, au usiku kama zamu ilimkalia vibaya, anampaka baba yake jeli. Mchana mzee anajipaka mwenyewe kwa kupapasa. Koo lilipoanza kumsumbua kumeza, nilianza kumpondea ndizi mbivu kwenye mtindi, na siku moja nikasikia kuku anaambiwa kwamba mtindi wa nyumba hii unaushinda wa Ikuti. Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha hivyo. Nilimwambia kila mteja aliyefika dirishani, na wengine niliwaambia mara mbili.

Halafu shingo ikaanza. Mume wangu alinieleza kwamba imekuwa nyeusi pande zote mbili, imekauka, lakini imetulia. Isipokuwa kushoto. Kuanzia chini ya sikio kushuka mpaka begani kulikuwa na mstari uliobabuka, na kila siku ulikuwa unapanuka. Daktari alishangaa. Mionzi inapigwa pande zote, jeli inapakwa pande zote, kwa nini paharibike mahali pamoja tu, tena kwa mstari? Akauliza kuhusu kola. Akauliza kama mzee analalia upande huo. Mimi pale nje nilijibu kila swali kwa uhakika wa mtu anayejua nyumba yake: hapana, hapana, halalii, havai.

Kola kweli zilikuwepo, za mashati yake, ingawa alikuwa hafungi kifungo. Jirani aliposikia habari ile garini alisimama kwake tuliporudi, akaingia ndani, akatoka na kanzu yake ya zamani, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga. Haina kola, akasema, na ukifungua vifungo shingo yote inapumua. Mzee wetu ni mzee wa kanisa. Aliigeuza ile kanzu, akaitazama mbele na nyuma, akauliza kama kuna sala inayotakiwa kabla ya kuivaa. Jirani akamwambia kanzu haina dini, dini anayo mvaaji. Akaivaa, na kusema kweli ilimkaa, hata mchungaji alipokuja kumwona aliikubali.

Lakini mstari haukukoma. Jumatano moja daktari aliutazama kwa muda mrefu. Sehemu ya juu ilikuwa imeanza kutoa majimaji. Akasema Jumatatu ataiangalia tena, na kama itakuwa imeendelea kufunguka, mionzi itasimama.  Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira pia, na sikujua hasira hiyo ni ya nani.

Kesho yake, Alhamisi, tuliporudi, nilimpelekea mzee uji. Hapa lazima nieleze namna tulivyokuwa tunafanya. Nikifika mlangoni mwa sebule, nakohoa. Hicho kikohozi ni adabu, kinamwambia mkamwana anaingia, jistiri. Yeye anajifunika blanketi, kichwa na mabega, mimi naingia uso nimeugeuzia ukutani, naweka chakula, natoka. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipofika, kila uji, kila chai, kila nikifagia.

Siku hiyo nilikohoa, lakini kikombe kiliteleza kwenye sinia, nikasimama kukidaka. Nilipoinua macho yaliangukia kwenye kabati la vyombo, lenye milango ya vioo, na ndani ya kile kioo nikamwona. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelishika blanketi, lile la kijivu zito la baridi ya Tukuyu, unalivuta kwa nguvu kupita shingoni, kutoka begani kwenda juu ya sikio la kushoto. Nikaona uso wake ukikunjamana kwa maumivu. Halafu akafunikwa, nisione tena.

Niliganda pale na sinia langu. Kumbe ndiyo hiyo. Na garini vilevile, kila nilipopita mlango wa kushoto nyuma yake, nilikuwa nasikia anapandisha koti lake upande huohuo. Watu wamesoma, wameumiza vichwa, wamefunga dawa kwenye vifuko visivyoonekana kwa macho, dawa imesafiri ikafika Tukuyu ikapakwa, halafu inakuja heshima yangu na kikohozi chake, dawa yote inafutwa na blanketi, na ngozi inaondoka nayo. Niliweka uji, nikaenda jikoni, nikalia huku nimeegemea ndoo za maziwa.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akaingia kwa baba yake, na mimi nikatega sikio ukutani, sioni sababu ya kudanganya. Alieleza vizuri, taratibu, kama anavyoeleza mashine. Akamwomba asijifunike tena, mimi nikiingia atazame pembeni tu, yatosha.

"Nimevuliwa nguo na watoto wa watu hospitalini, sikusema kitu," mzee akasema. "Nimekonda, shingo inanuka, natemea kwenye kopo. Mkamwana wangu asinione hivi. Nikiitoa na heshima hiyo, nitabaki na nini?"

 Sikumlaumu, kwa sababu nilimwelewa. Nilijaribu njia nyingine. Asubuhi ya Ijumaa niliacha kukohoa, nikaweka chai nje ya mlango nikagonga na kuondoka. Haikusaidia. Mzee alikuwa amezijua hatua zangu, nikipita tu ukumbini nasikia blanketi linapanda. Nilifikiria niondoke nyumbani kabisa, lakini ndugu wote walikuwa kwenye mashamba yao ya chai na viazi, na nani angempikia, nani angempeleka?

Siku hiyo muuguzi alituambia majimaji yameshafika karibu na bega. Tukarudi. Mume wangu alikuwa zamuni. Nikiwa napima mtindi wa mteja, nikasikia mzee anajipaka jeli yake ya mchana kwa kupapasa, na kila akigusa anaguna. Ni mguno wa chini, wa mtu ambaye hataki asikike. Nilimwambia mteja asubiri. Sikuvua hata aproni. Nilitembea mpaka mlangoni, sikukohoa, nikaingia, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Baba, usijifunike," nikasema. "Ukijifunika, mimi ndiye ninayekuua. Na mimi sikuolewa hapa nije kuua mtu."

Mkono wake ulikuwa tayari umelishika blanketi. Ukabaki hapohapo. Sikungoja nione utakwenda wapi. Nilikimbilia jikoni, nikijiambia kwamba nimeshavunja nyumba yangu kwa mdomo wangu. Yule mteja nilimwongezea mtindi mpaka ukamwagika, akaondoka ananishukuru.

Mchana ule mzee hakusema kitu, hata kwa kuku. Mume wangu aliporudi nilimwambia kabla hajavua viatu. Akakaa chini. "Umeongea na baba? Kwa mdomo?" Nikamuuliza kwani huwa naongea kwa kitu gani. Akataka kucheka, cheko likaishia njiani. Tulikula huku kila mmoja anasikiliza upande wa sebuleni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nachochea moto. Nikasikia, "Mkamwana." Nikageuka kumtafuta kuku, kwa mazoea. Kuku alikuwa nje. Sauti ikaita tena, na safari hii ikaendelea.

"Njoo unitazame mpaka uzoee," akasema. "Na mimi nizoee."

Niliingia. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa kiti cha mbali, mahali ambapo mkono wake usingelifikia. Alikuwa amekaa wima ndani ya ile kanzu, vifungo wazi, mikono juu ya magoti. Nikamtazama. Ana masikio ya mume wangu, yale yale yaliyochomoza, na macho madogo ya mtu anayependa utani. Shingo ilikuwa mbaya. Nilitaka kuangalia pembeni, nikakumbuka nimeitwa kufanya nini, nikaendelea kutazama. Naye akanitazama, polepole, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, baba, ndivyo nilivyo. Akasema sauti yangu ni ya mtu mrefu, alikuwa ameniwekea kimo kingine kabisa. Sasa tukacheka, wote wawili, yeye ameshika shavu kwa maumivu, na mimi nalia palepale. Sijui niielezeje furaha ile. Ni kama kukutana na mtu uliyeishi naye siku zote.

Nikanawa mikono. Nikasafisha shingo kwa maji ya uvuguvugu, nikakausha kwa kugusagusa kama daktari alivyosema, nikapaka jeli nyembamba, hata pale pembezoni mwa kidonda. Ngozi ilikuwa ya moto chini ya vidole vyangu. Mzee alifumba macho mwanzoni. Katikati akayafumbua, akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado. Akasema basi niendelee, lakini uji wa leo uwe mwepesi. Kuku alipoteza kazi yake siku hiyo.

Jumamosi na Jumapili shingo ile haikuguswa na kitu isipokuwa hewa na vidole vyangu. Baridi ikizidi nilikuwa namwashia jiko la mkaa, nikafungua na dirisha, na yeye anajifunika miguu. Jumatatu garini nilikaa kiti cha nyuma yake, si kule kwenye maboksi. Jirani alitutazama kwenye kioo, akaongeza sauti ya redio, nadhani ili asionekane anafurahi.

Hospitalini niliingia chumba cha daktari kwa mara ya kwanza. Alisema kumbe wewe ndiye ile sauti. Kisha akavaa glavu, akawasha taa, akainama shingoni mwa mzee. Alitazama juu, chini, akagusa pembezoni. Tulimweleza habari ya blanketi, mzee mwenyewe ndiye aliyeeleza, na daktari alikaa kwenye kiti chake akasikiliza mpaka mwisho.

"Kidonda kimeacha kupanuka," akasema. "Pembeni kimeanza kukauka. Tunaendelea."

Nilimuuliza ni jeli iliyofanya au ni blanketi kuondoka. Alisema hawezi kunigawia ni kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile, ila dawa inayofutwa kila saa hata iwe nzuri namna gani haiwezi kufanya kazi. Nilimpenda kwa kutojifanya anajua.

Tulimaliza. Mionzi haikusimama hata siku moja. Ngozi mpya ilikuja polepole, ya rangi ya chai ya maziwa, kisha ikaanza kukolea. Uvimbe ukanywea. Kwenye kipimo cha baadaye daktari alisema anaridhika, mzee aendelee kuhudhuria kliniki, na jeli iendelee mpaka shingo ikomae. Mzee akatangaza kwamba anarudi kwake Ikuti, migomba yake haina mtu. Tukaenda naye sote kumrudisha, na nilipanga nikae naye mpaka kopo la jeli liishe.

Ndugu walijaa uani. Walichinja mbuzi, ndizi zilipikwa kwenye masufuria makubwa, wanawake tulikuwa jikoni na wanaume wamekaa mbele ya nyumba. Habari ilikuwa imetutangulia, kama kawaida. Mdogo wake mzee, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo akishatoka yeye, alingoja watu watulie, kisha akauliza mbele ya wote. Alisema wanamshukuru Mungu kwa uzima, ila wamesikia jambo. Wamesikia mkamwana amemtazama mkwewe, amemshika shingo, tena kila siku. Akauliza kama hayo ni kweli, na kama ni kweli, heshima ya ukoo imewekwa wapi.

 Jikoni wifi yangu alinishika mkono. Nilikuwa na hasira tayari kooni, na najijua nikianza, lakini safari hii sikupata nafasi, maana mzee alijibu mwenyewe.

"Ni kweli," akasema. "Angeendelea kuniheshimu mnavyotaka ninyi, leo mbuzi huyu mngekuwa mmemchinja kwenye msiba wangu."

 Nikasikia kiti chake kikiburuzwa, kisha sauti yake ikaniita, ikasema saa ya dawa imefika. Nilitoka na kopo, nikapita katikati ya wanaume wote wale, macho yao yote juu yangu. Mdogo wake akageuza uso upande wa migomba. Mzee alikuwa ameshafungua shati mpaka kifuani, shingo yote nje kwenye mwanga wa mchana, kila mtu aione. Vidole vyangu vilikuwa vinaharakisha ili niondoke pale upesi, naye akaliona hilo.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Hatujaiba kitu."